Mpaka Jua Ligeuke

Jumatano, 2 Januari 2008

Mwaka mpya. Haya.

Bapuji amelazwa. Ni baba mkwe, lakini nimemwita Bapuji miaka kumi na sita, siwezi kuanza kumwita kitu kingine leo. Ni mapafu. Mkesha wa mwaka mpya alishindwa kupumua mezani, midomo ikabadilika rangi, mume wangu Rajni akapiga simu, ambulensi ikaja. Sasa yuko wadi ya juu, amefungwa maski kubwa ya plastiki usoni, inamsukumia hewa kwa nguvu. Ina kelele! Akiongea ndani yake humpati.

Daktari alisema mengi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake. Rajni alisikiliza kwa niaba yetu sote. Mume wangu akiogopa huuliza maswali ya mashine — inatumia umeme kiasi gani, ilitengenezwa wapi. Daktari alimjibu kwa upole.

Nyumbani, hapa Birmingham, TV inaonyesha Kenya ikiungua. Eldoret. Nikampigia mama Machakos. Kwao kimya, ila unga umepanda bei. Akauliza mzee wa spea anaendeleaje. Huko bado wanamwita hivyo, kwa sababu ya duka lake la spea za baiskeli. Nikasema anaendelea.

Sikuililia Kenya, sikumlilia Bapuji. Nilikunja nguo.


Ijumaa, 4 Januari

Ba naye hajalia. (Mama mkwe. Jina lake ni Vimla, ila hakuna anayelitumia isipokuwa watu wa benki.) Yeye anasimama mbele ya kalenda ya jikoni, ile ya hekaluni yenye picha ya mungu jua na farasi wake. Asubuhi yuko pale. Jioni yuko pale.

Huu ni mwezi mbaya kwao. Tangu katikati ya Desemba jua liko upande usiofaa. Hakuna harusi, hakuna kuhamia nyumba, hata gari jipya halinunuliwi. Rajni alitaka kubadilisha gari mwezi uliopita, Ba akamwambia angoje Uttarayan kama watu wenye akili. Ndiyo sikukuu yenyewe: jua linageuza safari, linaanza kwenda kaskazini, na kila kitu kinafunguka. Simsim na sukari nguru. Tiara angani. Sadaka kwa maskini, majani kwa ng'ombe — ingawa ng'ombe wa Birmingham tunamjua kwa chupa ya maziwa tu, kwa hiyo Ba hutuma pesa za majani Gujarat.

Hayo nilikuwa nayajua. Leo nimejifunza lingine. Alimwambia Rajni kwa Kigujarati, polepole, nikashika yote. Anayekufa jua likiwa limeshageuka hupita njia ya mwanga. Hatarudi tena kuzaliwa na kuteseka. Anayekufa kabla — hapo Ba hakumaliza. Akasema tu mashine isitolewe mpaka Uttarayan. Baba yako asiondoke gizani.

Rajni akaitikia. Ningekuwa yeye ningeitikia pia.


Jumapili, 6 Januari

Sijui niandike vipi. Naandika tu.

Rajni alimpeleka Ba hekaluni, mimi nikabaki na Bapuji. Saa ya chakula humtoa maski kidogo, ale. Mama mmoja mhudumu wa wadi, Henriette, alikuja na kikombe cha maziwa ya mgando, akaniachia nimlishe, yeye akawa anatandika kitanda cha jirani. Bapuji alimeza vijiko viwili, akausukuma mkono wangu.

Tangu siku ya kwanza mimi na yeye ni Kiswahili. Siku Rajni aliponileta dukani kunionyesha, Ba aliingia jikoni asitoke tena. Bapuji alinisalimia kwa Kikamba cha wateja — wĩ mũseo? — akaniuliza kwetu ni wapi na kama mvua imenyesha. Kikamba chake kiliishia hapo. Tukahamia Kiswahili, tukakaa humo.

Leo alisema, "Mumbua, hii kitu inanimaliza. Nimechoka. Waambie watoe, nilale."

Nikasema, Bapuji, mwambie Rajni. Akatikisa kichwa. Alihitaji kupumua kati ya neno na neno, kwa hiyo ilichukua muda. Kwa Kigujarati hawezi. Kwa Kigujarati yeye ni mume, ni baba, ni mtu wa hekalu. Ba akimuuliza atasema ndiyo, nitangoja. "Mbele yake siwezi. Utasema wewe."

Na Uttarayan je?

"Jua litageuka tu. Halinihitaji mimi."

Alitaka kucheka, kikaja kikohozi. Nikamrudishia maski. Mkanda ulipita juu ya kidonda cha pua, ngozi imeshatoka pale, akafumba macho. Mimi ndiye niliyeukaza. Nilikaza vizuri, kama nilivyofundishwa.

Ba alirudi na ua la hekaluni, akaliweka chini ya mto. Akaniuliza, "Yeye kula?" Nikasema amekula kidogo. Ni hilo tu nililosema.


Jumatatu, 7 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimerudi kazini, nimepakulia watoto maharagwe na viazi. Mmoja alisema asante, miss, nikashtuka.

Sijamwambia Rajni.


Jumatano, 9 Januari

Daktari alimuuliza mwenyewe. Alifanya kama inavyotakiwa: akaketi kitandani, akamtoa maski, akamwomba Rajni atafsiri. Anataka tuendelee hivi? Kuna njia nyingine, kuna dawa ya kumtuliza, hataona shida. Rajni akatafsiri. Ba alikuwa amesimama upande wa pili, ameshika mguu wa Bapuji juu ya blanketi.

Bapuji alimtazama Ba. Akasema ndiyo, tuendelee. Akanitazama mimi.

Mimi nilikuwa nakunja koti la Ba.

Nikatoka kwenda kuchota maji. Henriette alinifuata mpaka kwenye bomba. Ni wa Bukavu, mfupi, ana sauti ya kwaya. Akaniambia, "Mama, mi nilikuwa pale, Jumapili. Mi nilisikia. Papa alisema amechoka. Sasa utabaambia lini?"

Nikashikwa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mtu mwingine wadini anaelewa. Nikamuuliza kama amemwambia mtu.

"Hapana! Ile si yangu, ni ya famille. Lakini ile mashini inamuchokesha, mama. Mi ndiye namunawisha. Naona."

Akauliza kwa nini bibi anataja tarehe kumi na nne kila siku. Nikamweleza: jua, kaskazini, njia ya mwanga. Nilieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hata nilisema kwamba ni sikukuu ya mavuno, kwao Gujarat mashamba yanakuwa yamevunwa, watu wanapanda juu ya mapaa tangu alfajiri na tiara zao. Bapuji alikuwa hodari. Uzi wake aliupaka unga wa chupa ili ukate nyuzi za wenzake, na kila akikata anapiga kelele mtaa mzima. Machakos watoto wa Kikamba walikuwa wanakimbilia tiara zilizokatika. Kaka yangu alikuwa mmoja wao.

Henriette alisikiliza, akafikiri. Kwao Bukavu, alisema, pia watu wanamwomba Mungu mgonjwa afike Pasaka. "Ni kitu kizuri. Lakini mugonjwa naye banamuuliza."

Akaenda kwa kazi yake. Nikarudi na maji. Yalikuwa ya moto, nilikosea bomba.


Alhamisi, 10 Januari

Balaa la kalenda.

Ba kagundua kwamba kalenda yake imechapishwa Ahmedabad. Inasema jua linageuka usiku wa manane kuamkia tarehe kumi na tano. Lakini saa ni za kule! Rajni akapiga hesabu: kwetu hapa itakuwa Jumatatu, tarehe kumi na nne, jioni. Alifurahi kabisa, alipiga meza. Nilijua kwa nini. Ni usiku mmoja wa maski umepungua.

Ba hakukubali. Akampigia simu kuhani, akaweka spika, sote tukasikiliza huku sufuria ikiungua. Kuhani ni mtu mzuri, ana mafua. Alisema mwanao amehesabu sawa, jua litageuka Jumatatu jioni. Lakini hapa Januari jua linazama mapema, litakuwa limeshazama litakapogeuka. Ikiwa hivyo, baraka za siku huhesabiwa kuanzia macheo ya kesho yake. Kwa hiyo sadaka, kuoga, sala — Jumanne asubuhi.

Rajni akauliza: na mtu akifa Jumatatu hiyo usiku?

Kuhani akapiga chafya. Akasema Mungu ni mwema, hahesabu kama karani. Ba akasema asante, akakata simu.

"Jumanne," alisema. "Jua naonekana, kwisha. Hapana usiku."

Rajni hakubisha. Akasugua sufuria iliyoungua. Amekonda, nimeona leo kwa mara ya kwanza.


Jumamosi, 12 Januari

Simsim. Nimeinunua Coventry Road kwa yule Msomali wa Garissa anayependa kubishana kwa Kiswahili. Alitaka tuongee Kenya. Nikasema sina habari. Akaniongezea kifurushi cha tende, labda kwa jinsi nilivyosema.

Vidonge vya simsim ni kazi yangu katika nyumba hii. Miaka mitano ya kwanza Ba hakuniruhusu hata kukoroga. Vinaenda hekaluni, vinaenda kwa majirani, vinaenda midomoni mwa watu wa heshima, na mimi nilikuwa mimi. Halafu Uttarayan moja mkono ukamuuma, hakuna mwingine, akaniambia kuja. Nikasema Ukambani simsim tunaijua vizuri. Akaonja. Hakusifu. Mwaka uliofuata aliniachia sufuria bila neno, na tangu hapo wageni wakija Ba husema vimefinyangwa na mikono ya bau wangu, mkaza mwana wangu. Hicho ndicho cheo changu. Nilikitafuta kwa muda mrefu, nisijifanye sikukitafuta.

Nikisema maneno ya Bapuji, kinaenda. Rajni atanisamehe. Ba hatanisamehe. Nitakuwa yule Mwafrika aliyemfungia mzee mlango wa mwanga. Hakuna atakayelitamka. Watakula vidonge vya dukani tu.

Nisiposema, ni maski mpaka Jumanne, na kidonda, na macho yake.

Ba aliketi jikoni akinitazama nikipika. Unayeyusha sukari nguru mpaka ivute, unatia simsim iliyokaangwa, halafu unafinyanga upesi. Ikipoa haishikani tena. Lazima ulowanishe viganja kila mara maana ni moto haswa. Leo nilisahau maji. Nilifinyanga sinia zima, Ba ndiye aliyepiga kelele. "Mkono yako! Wewe ungua!"

Nikatazama. Kweli, vilikuwa vyekundu, kimoja kina lengelenge. Sikuwa nasikia kitu. Hata sasa.

Ba alinivuta mpaka kwenye sinki, akavishika viganja vyangu chini ya maji baridi na mikono yake miwili. Tulikaa hivyo. Mkono wake ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Maji yalikuwa yanapita, Rajni hayupo, binti yangu Nisha yuko juu na muziki wake. Nilifungua mdomo.

Akasema mwaka jana Bapuji alikula vidonge sita kabla ya sala, mwizi yule. Akafunga bomba.


Jumapili, 13 Januari

Nimejaribu kwa Rajni, garini, mbele ya hospitali. Nikasema, baba yako aliniambia kitu. Hakuzima injini. Akasema, "Mumbua, please. Not before Tuesday." Kwa Kiingereza. Akasema akishasikia itabidi afanye, na akifanya hataweza kumtazama mama yake maisha yote. Kwa hiyo asisikie. Baada ya Jumanne nimwambie chochote.

Kwa hiyo naye anajua kuna kitu. Tunakijua wote, kila mmoja na kona yake. Nilikasirika — hatimaye! — kama dakika moja. Kisha ikapoa.

Bapuji hafungui macho sana leo. Nilimwita kwa Kikamba, nikamuuliza kama ni mzima. Kidole kilicheza.

Nisha aliuliza kwa Kiingereza kama babu anaumia. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, ila kukijibu ni kama nimemwomba figo. Nikamwambia ndiyo, anaumia. Akauliza, "So why are we waiting?" Nikamwambia avae kofia, nje kuna upepo.


Jumatatu, 14 Januari

Niko kwenye korido. Nimesema naenda chooni. Shajara ilikuwa kwenye mkoba, na mikono inataka kazi.

Mchana walinipigia simu kazini. Niliacha aproni juu ya kiti, nikapanda basi namba kumi na moja, ikazunguka Birmingham yote kama kawaida yake, hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi, na hata mimi sina hakika. Nilipofika Ba na Rajni walikuwa wameshaitwa kwenye kile chumba kidogo chenye sofa na boksi la tishu.

Maski haifanyi kazi tena. Hewa chafu inabaki ndani, ndiyo maana amelala hivi, na hatarajiwi kuamka aulizwe tena. Daktari — ni mwanamke leo, kijana, ana pete puani — alisema wanashauri kuitoa, wampe dawa, akae kwa amani. Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa usiku. Rajni akatafsiri. Ba akasema kesho. Jua likichomoza kesho, watoe.

Daktari hakukataa. Alisema wanaweza kuiacha mpaka asubuhi, familia ikihitaji muda. Lakini atakuwa anaiacha kwa ajili yetu, siyo kwa ajili ya mgonjwa. Akasema kila mara akiguswa mkanda anakunja uso, hata katika usingizi huu. Halafu akauliza. Kabla hajawa hivi, kuna mtu yeyote aliyemwambia angependa nini? Hata neno moja. Hata kwa utani.

Rajni hakutafsiri. Alitazama zulia.

Ba akamuuliza anasema nini. Akamuuliza tena. Basi akatafsiri, kwa sauti ndogo, na Ba akageuka kunitazama. Siyo Rajni. Mimi. Moja kwa moja. Ndipo niliposema chooni.

Nje kumeshakuwa giza, na saa kumi na moja jioni bado. Kwa hesabu ya Rajni jua halijageuka, bado kidogo. Hapa kwenye kiti naona mlango wa wadi. Henriette amepita na toroli la chai, ameniona, hakusimama.

Nafikiria niseme nini. Alisema amechoka. Alisema nilale. Maneno machache tu, mtoto wa chekechea angeweza kuyabeba. Nimekaa nayo siku nane.

Ba anakuja. Anatembea ameshika ukuta.

Ameketi kando yangu. Anaona naandika, haulizi. Ananukia mafuta ya nazi na simsim. Siachi kuandika. Anaongea, naandika.

Anasema usiku wa juzi alilala kwenye kile kiti cha wadini. Bapuji aliongea usingizini. Kiswahili. "Yeye nasema toa, toa. Mimi sikia. Mimi iko fikiri anaota duka. Toa spea, toa baiskeli." Anatikisa kichwa. "Hapana duka. Mimi iko jua."

Nimemuuliza tangu lini.

Anasema miaka hamsini na mbili analala na mtu huyu, nimuulize swali lingine.

Basi kwa nini Jumanne, Ba? Kwa nini umesema kesho?

Anasema yeye ni mke. Mke akitamka neno hilo, hata kama jua lingekuwa juu ya kichwa saa sita mchana, bado ni mke aliyetamka. Rajni ni mtoto wa kiume, ndiye atakayewasha moto wa maziko, mdomo wake usiguse jambo hili. Shemeji zangu wako mbali. "Iko wewe tu. Wewe sema."

Mimi tu. Nimetafuta miaka yote hii kitu ambacho ni changu peke yangu katika nyumba hii. Mkono umeanza kuwasha pale penye lengelenge. Nimemwambia, Ba, nikisema utanichukia.

Amefikiri. Hajakataa haraka, angekataa haraka nisingemwamini. Amesema labda. Siku nyingi kidogo, labda.

Rajni amefungua mlango. Anauliza kama tuko tayari, daktari anangoja. Ba amesimama kabla yangu, ameshika kiwiko changu, nadhani ananisaidia, nadhani anajisaidia. Ananiinamia sikioni. Anasema nikiingia niseme Kizungu. Tena haraka. Kiswahili yeye mwenyewe atasikia.